Utani Ndani ya Basi: "It Happened One Night" kwa Mtazamaji wa Dutumi

Michezo ya kuchekesha huzeeka upesi kuliko michezo ya kuliza. Machozi ya watu wa zamani hufahamika hata leo, kwa kuwa kufiwa na kuachwa hakukubadilika. Kicheko hutegemea mambo madogo ya siku yake, kama mavazi, bei ya vitu, cheo cha mtu na namna ya kumwamkia mkubwa, na mambo hayo yakisha kupita, kicheko nacho hupotea. Ndiyo sababu picha nyingi za sinema zilizowavunja watu mbavu kati ya vita vikuu viwili hutazamwa sasa kwa adabu tu, kama mtu atazamavyo vyombo vya marehemu bibi yake. It Happened One Night, picha iliyoongozwa na Frank Capra na kutolewa Marekani mwezi wa Februari 1934, haimo katika hesabu hiyo. Imepita zaidi ya miaka 90, haina rangi, sauti yake ina mikwaruzo, na bado inachekesha. Swali linalomstahili mhakiki wa Kiswahili ni hili: kicheko hicho kina mizizi katika nini, na je, mizizi hiyo yaweza kushika katika udongo wa Pwani?

Asili ya picha ni hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams, "Night Bus", iliyochapishwa mwaka 1933 katika jarida la Cosmopolitan. Robert Riskin aliigeuza kuwa mchezo. Columbia, kampuni iliyoitengeneza, wakati huo haikuhesabiwa miongoni mwa makampuni makubwa ya Hollywood. Clark Gable aliazimwa kutoka MGM, na Claudette Colbert alikubali kwa shingo upande, kwa ujira wa dola 50,000 kwa kazi ya majuma manne. Colbert mwenyewe hakutazamia makuu. Mwaka 1935 picha ikapata tuzo tano kubwa za Oscar kwa mpigo: ya picha bora, ya mwongozaji, ya mchezaji wa kiume, ya mchezaji wa kike, na ya uandishi. Tangu siku hiyo ni picha mbili tu zilizofanya vivyo hivyo, One Flew Over the Cuckoo's Nest ya 1975 na The Silence of the Lambs ya 1991, wala hakuna atakayesema kwamba hiyo ya pili ni ya kuchekesha. Wamarekani huitia picha ya Capra katika kundi waliitalo screwball, jina la mtupo mmoja wa mpira wa besiboli ambao hupinda upande asioutazamia mpigaji.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ellie Andrews, binti wa tajiri mkubwa, ameolewa kwa siri na kijana wa anasa aitwaye King Westley. Baba yake, asiyemtaka mkwe huyo, amemzuia bintiye ndani ya mashua yake ya fahari huko Miami. Ellie anagoma kula, anapindua sinia ya chakula, anapigwa kofi, anajitosa majini na kutoroka. Anapanda basi la usiku kwenda New York kwa mumewe. Ndani ya basi anakutana na Peter Warne, mwandishi wa gazeti aliyefukuzwa kazi punde hivi. Wanagombania kiti. Mkoba wa Ellie unaibwa, daraja linasombwa na mafuriko, fedha zinakwisha, na baba mtu ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata mwanawe. Peter anaahidi kumfikisha kwa mumewe, na ujira wake uwe habari ya kuandika gazetini. Mwisho wake hata mtoto mdogo ataubahatisha.

Kicheko, basi, hakitokani na kutojua yatakayotokea. Wahakiki wengi wamekieleza kwa wepesi wa maneno na kwa uhodari wa wachezaji wawili, na maelezo hayo ni ya kweli, walakini hayatoshi. Ziko picha nyingine za maneno mepesi na wachezaji hodari ambazo zimekufa. Ili kuona kilichomo ndani yafaa kuitoa picha hii katika majumba ya New York na kuiweka mbele ya mtazamaji ambaye haikumkusudia, mathalani mkazi wa Dutumi, upande wa Kibaha uliokaribiana na Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere na mashamba ya muhogo. Mtu huyu haikaribii Miami kwa lolote. Lakini anajua ni nini basi kusimama kwa sababu maji yamekula njia, kwa maana bonde la Ruvu humfundisha kila masika. Na anajua ni nini kuketi bega kwa bega na mtu asiyemjua, ambaye ameweka mzigo wake juu ya kiti chako.

Mtazamaji huyu ana haki ya kuiogopa picha ya kuchekesha, kwa kuwa michezo ya kwanza ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa lugha yake ilimfanya yeye kuwa ndiye wa kuchekwa. Kati ya 1951 na 1953 kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, kwa mapatano na Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ilitengeneza picha kadhaa kwa Kiswahili. Ijulikanayo zaidi ni Muhogo Mchungu ya 1952, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi wa Januari 1962. Kisa ni cha mtu wa shamba ajaye Dar es Salaam na fedha zake akaangukia mikononi mwa wajanja wa mjini. Jina lenyewe lina mzaha mzuri: muhogo mchungu usipolowekwa au kukaushwa humdhuru aulaye, na anayeuuma ovyo hujuta. Lakini mwendo wa kisa ni ule ule ambao wakoloni na watu wa mjini waliupenda sawasawa. Ujinga uko shamba, na werevu uko penye taa za umeme. Kichekesho cha namna hiyo kimeendelea katika Kiswahili hata baada ya Uhuru, katika redio, jukwaani na katika kanda za video. Mshamba avaaye suruali fupi na kushangaa ghorofa amewalisha wachekeshaji wengi. Si kila kicheko cha namna hiyo ni kibaya, lakini mtu wa Dutumi aitazamapo hulipa kiingilio ili ajione anachekwa.

Capra ameugeuza mshale. Katika picha yake mshamba ni binti wa tajiri. Yeye ndiye asiyejua njia. Basi linaposimama asubuhi ili abiria wapate chai, Ellie anamwambia dereva amngojee, naye anakwenda zake polepole, akiamini kwamba kila chenye magurudumu humngojea yeye. Anaporudi basi limekwenda. Hajui kupanga mstari wa kuoga pamoja na wanawake wengine. Hajui kuhesabu fedha. Hata kula andazi hajui. Katika kituo cha kulala wasafiri Peter anamwona akilichovya andazi katika kahawa na kulisahau humo, naye anamfundisha kwa ukali wa mwalimu wa chuoni: lichovywe upesi na kutolewa upesi, lisije likalainika na kuanguka kikombeni. Anamwambia kwamba mali yote ile ya kwao haikumfunza hata kuchovya. Mtazamaji wa Pwani hahitaji mkalimani katika onyesho hili. Hakuna nyumba kati ya Kisarawe na Bagamoyo ambamo mtoto hajaliona andazi lake likizama katika chai, na kumwona mtu mzima mwenye mamilioni akihitaji somo hilo ni furaha isiyoharibika kwa miaka.

Hapo ndipo mhakiki wa Kiswahili ana neno la kuwapa wahakiki wengine, kwa kuwa lugha yake inalo jina la jambo wanalolizunguka. Jina hilo ni utani. R. E. Moreau aliuandikia makala katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, na wengi baada yake wameuchunguza. Mtani ana ruhusa ya kumtukana mtani wake, kumnyang'anya kitu, kumcheka hata penye msiba, na aliyetaniwa hana ruhusa ya kukasirika; lakini ni mtani huyo huyo ambaye humzika, huosha vyombo vya matanga na kudai ujira wake kabla ya kuondoka. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi wengi huuhusisha na misafara ya zamani, wakati watu wa bara walipoteremka pwani na wageni hawa kwa hawa wakalazimika kupatana njiani. Ugomvi ambao ungeweza kumwaga damu uliwekewa mipaka, ukawa maneno.

Ellie na Peter ni watani kwa maana hiyo. Kati ya binti wa tajiri na mtu asiye na kazi, katika Marekani ya 1934, hapakuwa na njia ya heshima ya kusemezana. Ama mmoja aamrishe na mwingine atii, ama mmoja aombe na mwingine atoe. Basi la usiku linawapa njia ya tatu. Wamenunua tikiti sawa, wameketi kiti kimoja, mvua inawanyeshea wote. Kutokana na usawa huo wa muda wanaanza kutukanana, na kila tusi ni ishara kwamba anayetukanwa amekubaliwa kuwa mwenzi. Ellie, ambaye maisha yake yote watu wamemjibu ndiyo, anapata kwa mara ya kwanza mtu wa kumjibu. Anakasirika, lakini habanduki.

Onyesho lililo bora kupita yote linathibitisha maneno hayo. Wapelelezi wa baba wanaingia katika kibanda walicholala wawili hawa. Hakuna pa kujificha. Peter anaanza kumkaripia Ellie kama mume aliyechoka, akimfufulia ugomvi wa zamani usiokuwapo. Ellie, bila kufundishwa, anamrudishia kwa sauti ya binti wa fundi wa mabomba, kisha anaangua kilio. Kelele zinapanda. Wapelelezi wanaona haya, wanarudi nyuma hatua kwa hatua, na mwenye kambi anawalaumu: si aliwaambia kwamba hawa ni mke na mume wema? Ushahidi wa ndoa, machoni pa mashahidi wote, ni ugomvi. Mlango unapofungwa wawili hao wanacheka pamoja, na mtazamaji anatambua kwamba jambo limekwisha tokea ambalo wao wenyewe bado hawajalijua. Picha nyingi zina mabusu marefu ambayo hayasemi nusu ya hayo.

Jambo la pili lililoihifadhi picha hii ni njaa. Watu waliojaza majumba ya sinema mwaka 1934 walikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na Capra hakuwaficha. Safari inaanza na msichana anayekataa nyama aliyoletewa kwa sinia, na yote yafuatayo ni masomo ya namna ya kustahili chakula. Wanapokuwa wameliacha basi na kulala katika nyasi kavu kondeni, Peter analeta karoti mbichi alizong'oa. Ellie anazikataa kwa kuchukia. Kesho yake, baada ya kutwa ya kutembea na kudhulumiwa na mwenye motokaa, anaingiza mkono mfukoni mwa Peter bila kusema, anatoa karoti moja na kuila. Hana hotuba wala muziki wa kumsindikiza. Kwa mtu wa Dutumi karoti hiyo ni muhogo mtamu uliochimbwa ukamenywa kwa meno pale pale shambani; ni chakula cha mwenye njaa asiye na sufuria, ambacho mgeni wa mjini hukitazama kwa mashaka mpaka saa yake ifike. Kama Muhogo Mchungu ilimleta mtu wa shamba mjini ili alishwe uchungu, picha hii inampeleka mtu wa anasa kondeni na kumlisha kilichomo ardhini, na yeye ndiye anayebadilika.

Walakini picha haikosi madoa, na kupendwa kwake kusiwe sababu ya kuyapaka chokaa. Ndani ya basi mama mmoja anazimia kwa njaa, na mwanawe analia. Fedha ya mwisho ya Ellie na Peter inatoka na kumwendea mtoto yule. Ni dakika nzito, lakini basi likishaondoka mama na mwana hawatajwi tena. Umaskini wao umetumika kuonyesha wema wa wengine, kisha ukawekwa kando. Baya zaidi ni yale Peter anayomwambia baba mtu karibu na mwisho, kwamba binti huyu anahitaji mume wa kumpiga kila siku, astahili asistahili. Majumba ya 1934 yalicheka. Leo kicheko hapo hukatika, na si kwa sababu watu wamekuwa wepesi wa kuudhika. Sheria ya utani yenyewe inalikataa neno hilo: utani ni wa kurudishiana, na ngumi haina jibu la maneno. Katika onyesho la kuomba lifti mambo ni sawa. Peter anajigamba kwamba ana njia tatu za kusimamisha motokaa kwa kidole gumba, zote zinashindwa, kisha Ellie anapandisha sketi kidogo na motokaa ya kwanza inafunga breki. Hapo kila mmoja ana zamu yake. Katika maneno ya kipigo zamu ni ya mmoja tu, na uzi wa mchezo unakatika.

Ubora wa Capra huonekana zaidi picha yake ikipimwa na ndugu zake wa India. Mwaka 1956 Anant Thakur aliongoza Chori Chori, ambayo ni kisa hiki hiki kikichezwa na Raj Kapoor na Nargis, kwa muziki wa Shankar na Jaikishan. Na mwaka 1991 Mahesh Bhatt alikirudia tena katika Dil Hai Ke Manta Nahin. Raj Kapoor na Nargis walikuwa wapenzi wa watazamaji wa Unguja na Dar es Salaam tangu Awara ya 1951, na si ajabu kwamba wako Waswahili wanaokijua kisa hiki kwa sura zao badala ya sura za Gable na Colbert. Nyimbo za Chori Chori ni nzuri kupita kiasi, na hiyo ndiyo taabu yake. Kila ugomvi unapoanza kupata makali, wimbo unaingia na kuulainisha. Tena wawili wale, kwa aliyewaona katika picha zao za nyuma, wamekwisha kupendana kabla ya kupanda basi; matusi yao ni ya mke na mume wanaojidai kugombana, na hofu ya kwamba huenda wakaachana kweli haipo. Kilichobaki ni mahaba, ambayo si haba, lakini utani umeondoka.

Kwa hiyo ni picha ya Capra, pamoja na ukavu wake, inayostahili kupewa sauti ya Kiswahili. Kazi hiyo haina ugeni nchini. Tangu zama za kanda za video Tanzania imekuwa na wafasiri, Lufufu akiwa mmoja wa waliojulikana mno, wanaosema Kiswahili juu ya sauti ya picha za kigeni, wakieleza, wakiongeza na wakati mwingine wakiwabishia wachezaji. Wasomi wengine huwabeza kwa kutofuata maneno ya asili. Katika picha hii uhuru wao ungekuwa faida. Ugomvi wa kibandani hautafsiriki neno kwa neno. Unahitaji mtu ajuaye jinsi mume wa Kizaramo anavyofufua kesi ya mwaka juzi mbele ya wageni, na jinsi mkewe anavyomkumbusha ni nani aliyelipa deni la dukani. Hata dai la mwisho la Peter litapata maana kamili. Anapokwenda kwa tajiri hadai zawadi ya dola 10,000. Anadai dola 39 na senti 60, gharama aliyotumia njiani, wala hapokei zaidi. Mmarekani huona hapo kiburi cha mtu maskini. Msikilizaji wa Dutumi atamwona mtani aliyemaliza kazi ya matanga, anayetaka haki yake iliyo desturi kabla ya kwenda zake.

Liko jambo moja litakalomsumbua mfasiri. Katika kila kibanda Peter hufunga kamba na kutundika blanketi kati ya vitanda viwili, na blanketi hilo huliita kuta za Yeriko. Kisa cha Yoshua na tarumbeta zilizoangusha kuta hakikusimuliwa katika kila nyumba ya Pwani, na bila kisa hicho onyesho la mwisho halifahamiki. Ndoa ya Ellie na King Westley imevunjwa, usiku umeingia, mwenye kambi na mkewe wamesimama nje ya kibanda, wakishangaa kwa nini maarusi hawa wapya wameomba kamba, blanketi na tarumbeta ya kitoto. Tarumbeta inalia, blanketi linaanguka, taa inazimwa. Mfasiri aweza kutumia dakika nzima kuieleza Biblia, akaliua onyesho. Lakini nyumba za Pwani zina pazia mlangoni, na pazia lina sheria ambayo mtoto huijua kabla ya kujua kusoma: ni kitambaa tu, upepo hulipeperusha, na bado hakuna apitaye bila kupiga hodi na kuitikiwa. Usiku ule wa pili Ellie alilipita blanketi akilia, bila hodi, na Peter akamrudisha upande wake. Basi mfasiri na aitie tarumbeta neno moja la hodi, kisha anyamaze na kumwachia yule mama wa kambi, aliyesimama gizani na mumewe, mshangao wake.